Kasoro za modeli za ndege za kivita: unapoziona na zilipoanzia

Mstari mwembamba ukijitokeza mgongoni mwa modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, wiki moja baada ya rangi kukauka, usiilaumu rangi. Mstari huo ulianza siku ulipounganisha nusu mbili za kiwiliwili ukapiga msasa jioni ile ile. Kasoro nyingi za kazi hii ziko hivyo: huonekana hatua mbili tatu baada ya kosa lenyewe, na anayetibu pale anapoiona dalili hurudia kazi mara tatu. Hapa chini kila dalili imefuatwa kinyumenyume hadi inakotoka.

Kisha kuna hewa. Karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi haijui kwamba unafanyia kazi Umoja au Kawangware, mita 1,600 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa la Nairobi ni pungufu kwa karibu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa, na viyeyusho vya rangi na gundi huruka upesi zaidi. Ongeza ukavu wa mchana wa Januari na Februari, au unyevu wa Aprili, na dakika zilizoandikwa kwenye chupa hubaki kuwa makisio tu.

Vipimo vilivyotajwa ni vya modeli za plastiki ya polistairini, skeli ya 1/72 na 1/48, yaani ndege halisi iliyopunguzwa mara 72 au mara 48. Spitfire halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha, kwa hiyo katika 1/72 inakuwa sentimita 15.6, na katika 1/48 sentimita 23.4.

Mshono uliopotea kisha ukarudi

Gundi ya modeli haibandiki kama gundi ya mbao. Inayeyusha plastiki ya pande zote mbili, zinachanganyika, na kiyeyusho kikishatoka unabaki na kipande kimoja. Plastiki hiyo inapokauka hunywea, na kunywea huko huendelea kwa siku kadhaa. Ukiusawazisha mshono ungali laini ndani, unasawazisha kitu ambacho bado kinashuka. Hewa ya Nairobi inazidisha udanganyifu: ngozi ya juu hukauka upesi sana huku ndani kukiwa bado na kiyeyusho.

Kipimo cha kuaminika ni pua. Mshono unaonuka gundi haujakauka. Kwa gundi ya majimaji subiri angalau saa 24. Kwa ile nzito ya tyubu, saa 48 au zaidi. Halafu msasa namba 400, 600, kisha 1000, ukitumia maji yenye tone la sabuni ya vyombo ili vumbi lisizibe mistari ya mabati, ile iliyochongwa kuonyesha viungo vya mabati ya ndege. Puliza praima (rangi ya msingi) ya kijivu juu ya mshono kabla ya rangi yoyote, kwa sababu plastiki tupu huficha mkwaruzo na kijivu hakiufichi.

Kama mstari umekwisha kurudi, piga msasa eneo hilo tu na ujaze. Pati za magari (za kujazia mabonde) za Barabara ya Kirinyaga zinatumika, ila zichague. Ile ya tyubu moja ina kiyeyusho kikali. Ukiipaka nene inalainisha plastiki chini yake, inanywea, na unarudi ulikoanzia. Paka tabaka jembamba, acha likauke usiku mzima, ndipo uongeze la pili. Ile ya kuchanganya na kikaushio hainywei sana. Kiasi cha ukubwa wa harage kinatosha, na kikaushio kiwe karibu asilimia 2, yaani doa dogo. Kwa nyufa nyembamba, tone la supaglu lililochanganywa na poda ya talki linashinda zote mbili, mradi ulipige msasa ndani ya saa moja. Likilala usiku kucha linakuwa gumu kuliko plastiki inayolizunguka, na msasa utachimba mabonde kandokando huku kilima kikibaki katikati.

Alama ya kidole iliyoyeyuka kwenye plastiki ni gundi ya majimaji iliyotambaa chini ya kidole chako. Huvutwa na ufa wowote mwembamba, hata ule kati ya ngozi na bawa. Usiifute. Ukiifuta unaieneza. Iache siku moja, kisha msasa 600 hadi 2000. Siku nyingine shika vipande mbali na mshono.

Bawa halikai vizuri kwenye kiwiliwili

Tatizo hili ndilo huharibu modeli nyingi, na watu wengi hulijibu kwa kupakia pati. Kabla ya pati, tafuta mkosaji.

Unganisha kiwiliwili na mabawa bila gundi, ukitumia vipande vya tepu. Pengo likionekana, toa chumba cha rubani kisha ujaribu tena. Pengo likifunga, mkosaji ni sakafu ya chumba hicho au ukuta wake wa nyuma: punguza kwa tupa milimita 0.2 kila upande, jaribu, punguza tena. Mara nyingi hata plastiki yenyewe haina kosa. Ni rangi iliyopakwa mpaka kwenye kingo za kuunganishia. Tabaka mbili za rangi na moja ya praima kila upande zinatosha kuvisukuma vipande visikutane. Tena rangi huzuia gundi isishike, kwa kuwa gundi ya modeli inahitaji plastiki tupu. Kwangua kingo kwa wembe mpaka uone rangi ya plastiki.

Pengo lililo upande mmoja pekee kwa kawaida ni kibaki cha shina, pale kipande kilipokatwa kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande ndani ya boksi. Pitisha kucha kwenye ukingo. Macho hayakioni, kucha inakigundua.

Pengo lililo sawa pande zote mbili hata chumba kikiwa nje linamaanisha kiwiliwili kimebana. Kata kijiti kutoka kwenye fremu, kirefu kuliko nafasi ya ndani kwa nusu milimita hivi, ukisimamishe ndani kama boriti nyuma ya kiti cha rubani ili kuzitanua kuta. Njia nyingine, kwa seti ambazo nusu ya juu ya bawa ni kipande cha peke yake: gundisha nusu za juu kwenye kiwiliwili kwanza, pengo likifungwa kabisa, ndipo ulete kipande cha chini. Kiungo cha juu ndicho kinachoonekana na mtu. Cha chini kinaweza kuvumilia pati.

Ikiwa umekwisha gundisha na pengo limebaki, jaza kwa plastiki badala ya pati. Vikombe vingi vya mtindi vina alama ya pembetatu chini. Ukiona namba 6 hiyo ni polistairini, ile ile ya modeli, na gundi ya modeli itaiyeyusha. Kata ukanda mwembamba, usukume ndani ya pengo, tia gundi, na kesho yake ukate kinachozidi. Namba 5 haitashika kamwe.

Angalia pia mwinuko wa mabawa kabla gundi haijakaza. Mabawa ya Spitfire hupanda kwa nyuzi 6, yaani karibu sentimita 1 kwa kila sentimita 10 za urefu. Weka ndege juu ya meza, simamisha rula kwenye kila ncha. Zikipishana kwa milimita 1 katika skeli ya 1/72, mtu ataiona akiitazama kwa mbele. Egemeza ncha kwa boksi za kiberiti mpaka asubuhi.

Vipande vilivyopinda

Boksi likikaa juani ndani ya gari, bawa refu hupinda. Weka maji kwenye sufuria, yachemke, epua, subiri dakika mbili. Nairobi maji huchemka yakiwa na nyuzijoto 94 hivi, chini kidogo ya joto la kulainisha kabisa polistairini, kwa hiyo hatari ya kuliharibu bawa zima ni ndogo. Tumbukiza sekunde 10, nyoosha taratibu, shikilia ndani ya maji baridi. Afadhali urudie mara tatu nne kuliko kulazimisha mara moja. Usifanye hivi kwa kipande cha kioo.

Kioo cha rubani

Ukungu mweupe ndani ya kioo ni mvuke wa supaglu. Mvuke huo hushika unyevu na mafuta ya vidole kisha unaganda kama baridi, na wakati wa mvua ndefu hali ni mbaya zaidi. Usitumie supaglu karibu na kioo hata kidogo. Vilevile usifunge kioo siku hiyo hiyo uliyotumia supaglu mahali pengine ndani ya chumba cha rubani. Gundi nyeupe ya mbao inatosha: hukauka ikiwa angavu, na ikimwagika unaifuta kwa kitambaa chenye maji.

Kioo kilichokwisha kupata ukungu hung'olewa, kikasuguliwa kwa msasa 2000 wa maji, kisha kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa laini, ukizungusha kwa dakika kumi hivi. Aina ya jeli haisaidii kitu. Ikiwa ukungu uko ndani na kioo kimeshashika, fikiria sana kabla ya kung'oa. Plastiki angavu ni dhaifu kuliko ile ya kijivu, na hupasuka bila onyo. Kwa sababu hiyo pia, usiikate kwa koleo karibu na ukingo: kata mbali, kisha punguza kwa msumeno wa wembe.

Rangi

Uso unaokwaruza kama msasa. Rangi ilikauka hewani kabla ya kutua. Ndiyo kasoro nambari moja kwa wanaotumia eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) Nairobi, hasa kwa rangi za akriliki mchana wa Februari. Kabla ya kununua rangi nyingine, badilisha mambo matatu: ongeza kimiminika cha kuzimua mpaka rangi iteremke ukutani mwa kikombe kama maziwa; shusha presha ya hewa hadi 12 au 15 kwa kipimo cha psi; sogea karibu, sentimita 5 hadi 8. Matone machache ya dawa ya kuchelewesha kukauka yanasaidia. Kupuliza saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza, kunasaidia zaidi. Uso uliokwisha kukwaruza usiufunike kwa vanishi ukitumaini utalainika. Subiri ukauke, sugua kwa msasa 2000 wenye maji, upulize tena.

Rangi inayokimbia kama miguu ya buibui ni kosa la upande wa pili: nyembamba mno, presha nyingi mno, au umekaa mahali pamoja.

Mapovu yakirudi kikombeni, hewa inavujia ndani. Nozeli imelegea au imepasuka mdomoni. Ikaze kwa vidole, na kama bado, ibadilishe. Eabrashi inayotema matone mara kwa mara ina rangi iliyoganda kwenye ncha ya sindano: ifute kwa kijiti cha pamba chenye kizimuo kila baada ya dakika chache. Ikitema maji badala ya rangi, chupa ya kunasa unyevu kwenye kompresa imejaa. Mwezi wa Aprili imwage kabla ya kila kazi. Stima ikipotea katikati ya kazi, mwaga rangi na usafishe papo hapo kwa hewa iliyobaki kwenye tangi, kwa sababu rangi haitasubiri.

Rangi inayong'oka na tepu haina shida na tepu. Vipande hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu ya kumiminia plastiki, na vidole huongeza mengine. Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kukata kipande cha kwanza, suuza, acha zikauke zenyewe. Praima ni lazima chini ya akriliki. Acha rangi siku nzima kabla ya kufunika, na ubandike tepu kwenye kiganja mara mbili ili kupunguza unato. Ivute ikijikunja juu ya mgongo wake yenyewe, si kwenda juu.

Vanishi iliyogeuka kama maziwa ni ugonjwa wa masika. Kiyeyusho kikiruka kwa haraka hupoza uso, na unyevu wa hewani hutonea juu yake kama umande. Mara nyingi ukiiacha mahali pakavu penye joto kidogo ukungu hupungua. Usipopungua, puliza vumbi jembamba la kizimuo kinachokauka polepole ili vanishi iyeyuke tena na kuachia maji. Mvua ikinyesha dirishani, usipulize vanishi.

Nyufa ndogondogo kama matope yaliyokauka zina maana kwamba tabaka la juu lilikauka kabla ya la chini, au la juu lina kiyeyusho kikali kuliko la chini. Mpangilio usiokosea ni rangi za thina kali chini, akriliki katikati, za mafuta juu. Hapo ndipo thina ya NC ya mafundi wa magari inapoleta maafa. Inayeyusha polistairini yenyewe, sembuse rangi. Petroli nayo vivyo hivyo. Kizimuo chochote usichokijua kijaribu kwenye fremu tupu: weka tone, subiri dakika tano, pitisha kucha. Kama plastiki inanata, kirudishe dukani au ukitumie kuoshea vyuma vya eabrashi tu. Na usifungue thina chumba kimoja na jiko linalowaka. Mvuke wake hutambaa sakafuni hadi kwenye moto.

Kwa brashi, tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene. Mistari ya brashi hutokana na kurudia mahali ambapo rangi imeanza kushika, na huku inashika upesi. Lowesha brashi kwa kizimuo, paka kuelekea upande mmoja, ondoka.

Neno kuhusu kivuli cheusi kwenye mistari ya mabati, ambacho wengi hukizidisha: mstari wa milimita 0.3 kwenye modeli ya 1/72 ni ufa wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege halisi. Hakuna rubani ambaye angepanda ndege hiyo. Tumia kahawia au kijivu kilichokolea kuliko rangi ya bawa kwa kiasi kidogo, kisha ufute.

Stika za maji

Utando wa rangi ya fedha unaozunguka alama ni hewa iliyonaswa chini ya stika. Rangi isiyong'aa ina vilima na mabonde visivyoonekana. Stika hukaa juu ya vilima. Kwa hiyo vanishi ya kung'aa hutangulia, hukauka siku moja, stika hubandikwa, kisha vanishi ya mati (isiyong'aa) hufunga kazi mwishoni. Utando ukiwa umekwisha kutokea, toboa stika kwa ncha ya sindano mara kumi hivi na uweke tone la dawa ya kulainishia stika. Rudia kesho yake. Siki nyeupe iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji hufanya kazi hiyo kwa upole, ingawa haiwezi stika nene.

Dawa hiyo ikiigusa stika, stika hujikunja kama ngozi ya maziwa. Usiiguse. Baada ya saa moja hujinyoosha yenyewe na kuingia kwenye mistari. Waliozirarua ni wale waliojaribu kuzinyoosha.

Stika ya zamani inayovunjika vipande majini ijaribiwe kwanza kwa alama usiyoihitaji. Ikivunjika, puliza vanishi juu ya karatasi nzima, acha siku moja, kisha kata kila alama karibu na ukingo wake. Iliyogeuka njano ifunge kwenye mfuko wa plastiki na uibandike dirishani upande wa jua kwa siku kadhaa, njano hufifia.

Madoa meupe yaliyobaki baada ya maji kukauka ni chumvi. Mahali wanapotumia maji ya kisima cha kuchimbwa huonekana sana, na kuchemsha hakuondoi chumvi. Tumia maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, yale yaliyotakaswa, na usome lebo mara mbili maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Loweka stika sekunde 20 hadi 30, itoe, iweke juu ya karatasi ya shashi dakika moja, ndipo iteleze. Ikielea yenyewe kwenye bakuli, gundi yake imebaki majini.

Ndege inayokaa kitako

Spitfire na Hurricane zina gurudumu la mkiani, hazina tatizo hili. Me 262, P-38 na P-39 zina gurudumu la puani, na bila uzito mbele huketi kwa mkia. Kabla ya kufunga kiwiliwili, kiunganishe kwa tepu, kisawazishe juu ya penseli mahali pa magurudumu makuu, na uongeze nati ndogo puani hadi kianguke mbele. Kisha ongeza moja zaidi kwa ajili ya rangi na mkia. Zibane kwa gundi ya epoksi. Risasi za ndoana (vizito vya kuvulia samaki) hutumika pia, lakini usizizamishe kwenye gundi nyeupe ya mbao: ndani ya nafasi iliyofungwa risasi huota ukungu mweupe, huvimba, na miaka michache baadaye pua hupasuka.

Bunduki na vijiti vilivyovunjika

Mtutu uliovunjika ubadilishe kwa sindano ya duka la dawa: ile ya geji 23 ina unene wa nje wa milimita 0.64 na tayari ina tundu. Ikate kwa kuizungusha chini ya tupa. Koleo huifunga tundu.

Nyaya za ndege za mabawa mawili

Wengi hapa huvutiwa na Gloster Gladiator ya Uingereza na Fiat CR.42 ya Italia, kwa kuwa zilipambana mwaka 1940 na 1941 katika anga la Sudan, Eritrea na Ethiopia. Kama nyaya zinazokaza mabawa zinakutia hofu anza na CR.42: mabawa yake yameshikwa na vyuma vyenye umbo la W, na nyaya ni chache.

Kwa Gladiator, waya uliolegea husababishwa na bawa la juu kusogea baada ya waya kufungwa. Tengeneza fremu ya kadibodi inayoshikilia mabawa yote mawili, gundisha nguzo, uache siku mbili, ndipo uanze nyaya. Uzi mzuri ni plastiki ya fremu: ipashe moto juu ya mshumaa ukiizungusha, ikilegea iondoe kwenye moto na uvute taratibu. Kata kwa kipimo, shikisha kila ncha kwa chembe ya gundi nyeupe, na usijali ukilegea kidogo. Gundi ikishakauka, washa kijiti cha ubani kama vile vinavyouzwa Ngara, uzime mwali, na upitishe kaa lake milimita 5 chini ya uzi bila kusimama. Uzi utajikaza mbele ya macho yako. Ukikawia hata kidogo utakatika katikati, na utaanza mwingine.